Karatasi Tatu kwa Madirisha Sita

Mazungumzo ya leo yanahusu madirisha, na hasa ile siku mwenye nyumba anapoamua kuyang'oa ya zamani na kuweka mapya. Kwa wakazi wa Dar es Salaam, Tanga, Lindi na Mtwara, siku hiyo huja mapema kuliko kwa ndugu zao wa bara. Hewa ya chumvi inakula chuma, unyevu wa masika unavimbisha mbao, na mchwa wanamalizia kilichobaki.

Nyumba ninayoizungumzia mnaifahamu. Imejengwa miaka ya 1970 au 1980 kwa tofali za saruji, ina kibaraza mbele na vyumba vitatu au vinne. Madirisha yake ni fremu za mbao zenye luva za vioo, wavu wa mbu uliopigiliwa kwa misumari midogo, na grili ya chuma. Luva kadhaa zilishavunjika, nafasi zake zimezibwa kwa vipande vya plaiwudi. Wavu umechanika pembeni. Zile klipu za kushikia luva zimeshika kutu, kwa hiyo dirisha halifungi vizuri wala halifunguki vizuri. Mama mwenye nyumba amedunduliza fedha, amepita kwa mafundi watatu, na sasa ana profoma tatu mezani.

Tuchukue tarakimu za mfano. Msizishike kama bei za sokoni, kwa sababu bei hubadilika kila meli inapoingia. Ni za kupigia hesabu tu. Madirisha ni sita, kila moja lina upana wa futi 5 na kimo cha futi 4. Fundi wa kwanza anataka shilingi milioni 2 na laki 9. Wa pili anataka milioni 3 na laki 8. Wa tatu, milioni 4 na laki 9. Kati ya wa kwanza na wa tatu kuna tofauti ya milioni 2 nzima. Majirani wanakuja na ushauri. Mmoja anasema huyu wa tatu anataka kukuibia. Mwingine anasema hapana, chukua wa tatu, si unaona karatasi yake ina muhuri na namba ya mlipakodi?

Wote wawili wamesoma mstari wa mwisho tu. Tusome mistari ya juu.

Karatasi ya kwanza ina mstari mmoja wa maelezo: madirisha sita ya alumini na vioo. Haisemi lolote juu ya wavu wa mbu. Haisemi nani atang'oa fremu za zamani, nani atatoa grili na kuzirudisha, nani atapiga lipu mahali ambapo ukuta utabomoka. Na utabomoka, kwa sababu fremu ya mbao ya zamani ilijengewa ndani ya ukuta, imeshikwa kwa vyuma vilivyozama kwenye saruji, haitoki bila nyundo na tindo. Hesabu wavu kwa elfu 60 kila dirisha, upate laki 3 na elfu 60. Kutoa na kurudisha grili, elfu 40 kila moja, laki 2 na elfu 40. Lipu na rangi, elfu 50 kila dirisha, laki 3. Usafiri, laki moja. Jumla ni milioni moja kamili. Profoma ya milioni 2 na laki 9 imefika milioni 3 na laki 9, yaani imempita fundi wa pili, ambaye mistari yake minne ilikuwa na mambo hayo yote.

Sasa ya tatu. Huyu amesajiliwa kwa kodi ya ongezeko la thamani, ambayo kwa Tanzania Bara kiwango chake cha kawaida ni asilimia 18, na ameijumlisha. Ukigawa milioni 4 na laki 9 kwa 1.18, kazi yenyewe ni milioni 4 na laki 1 na nusu hivi. Bado yuko juu, lakini ile milioni 2 iliyowatisha majirani imeshuka hadi kama laki 2 na nusu. Na ukisoma vizuri utaona ameandika kioo cha milimita 6, ilhali yule wa kwanza hakuandika unene wowote. Inawezekana kabisa kwamba laki 2 na nusu ndiyo thamani ya kioo kizito zaidi na skurubu bora. Inawezekana pia kwamba si hivyo. Ila sasa angalau kuna swali linaloweza kuulizwa, na fundi anaweza kulijibu.

Jambo ninalolisema leo ni hili, na nitalirudia kwa namna mbalimbali: mafundi watatu walioulizwa "dirisha bei gani?" wametaja bei za vitu vitatu tofauti, na hakuna haki ya kuzilinganisha. Mwenye nyumba ndiye anapaswa kuandika kwanza anachotaka, ukurasa mmoja, kwa Kiswahili cha kawaida, na kuwapa wote watatu ukurasa uleule. Hapo ndipo bei zao zitakuwa za kitu kimoja. Fundi mzuri hachukii ukurasa huo. Unamlinda na yeye, kwa sababu kwenye mashindano ya mstari mmoja, fundi mwaminifu anayehesabu kila kitu huonekana ghali na kunyimwa kazi.

Sasa, kwenye ukurasa huo tunaandika nini? Nitaanza na jambo ambalo profoma haina hata nafasi yake, nalo ni upepo.

Dirisha la luva, pamoja na uchakavu wake wote, lina sifa moja kubwa: likifunguliwa, karibu nafasi yote inapitisha hewa, na hata mvua ikinyesha unaweza kuinamisha vioo, maji yakabaki nje na upepo ukaingia. Dirisha la alumini la kusukuma, lile mafundi wanaloliita slaidi, ndilo linalowekwa karibu kila mahali siku hizi. Kwa jinsi lilivyo, haliwezi kufunguka zaidi ya nusu, maana bawa moja lazima likae nyuma ya jingine. Dirisha la futi 5 kwa 4 lina futi 20 za mraba. Ukiweka slaidi umebaki na 10 za kupitisha upepo, na wavu wa mbu unapunguza tena. Ndiyo maana watu wengi wakishabadilisha madirisha wanaanza kulalamika kwamba nyumba imekuwa na joto, wananunua feni, kisha wanafikiria kiyoyozi, na bili ya umeme inapanda kila mwezi. Gharama hiyo haikuandikwa kwenye profoma yoyote, lakini ilinunuliwa siku ileile.

Kwa hiyo zunguka nyumba kabla ya kumwita fundi. Pwani yetu ina pepo mbili: kusi, inayovuma kutoka kusini kuanzia kama Aprili hadi Septemba au Oktoba, na kaskazi, inayotawala kuanzia Desemba hadi Machi. Simama kila chumba ujiulize upepo unaingilia wapi na unatokea wapi. Chumba kinachopokea upepo moja kwa moja kinastahili dirisha la bawaba, linalofunguka lote, hata kama bei yake ni kubwa kidogo. Kwenye korido au stoo, slaidi inatosha. Na luva mpya za fremu ya alumini bado zinatengenezwa. Kwa jiko na choo sioni kitu kinachozishinda. Hakuna sheria inayosema madirisha yote ya nyumba moja lazima yafanane. Muuzaji ndiye anayependa yafanane, maana inamrahisishia kazi.

Wenzetu wa Njombe, Makete na Lushoto wanaotusikiliza, hesabu yenu ni nyingine. Baridi ya Juni na Julai inawafanya mhitaji dirisha linaloziba sawasawa, na pesa zenu ziende kwenye mipira na brashi za kuzuia hewa.

Hapa niseme neno juu ya vioo vya giza, vya kahawia au bluu, na juu ya madirisha ya vioo viwili vyenye nafasi katikati. Kioo cha giza kinapunguza mwanga na kiasi fulani cha joto, lakini chenyewe kinafyonza jua, kinapata moto, na sehemu ya moto huo inaingia ndani. Jua ni bora likazuiwa kabla halijagusa kioo: kwa kibaraza, kwa kofia ya zege juu ya dirisha, kwa mti, hata kwa jamvi upande wa magharibi. Vioo viwili vina faida kubwa katika nyumba inayofungwa siku nzima, iwe kwa ajili ya baridi au kiyoyozi, na vinasaidia kwa kelele za barabarani. Nyumba inayoishi kwa madirisha wazi haifaidi chochote, kwa sababu hewa inapita pale palipofunguliwa. Muuzaji akikuambia vioo viwili vitapoza sebule yako ya Mbagala isiyo na kiyoyozi, mwombe akueleze vitaipoza vipi.

Wavu wa mbu, msikilizaji, usiuache uwe nyongeza ya mwisho inayopunguzwa fedha zikipungua. Mwaka 2009 ulichapishwa utafiti uliofanywa Gambia, ambako nyumba ziliwekewa wavu kwenye milango na madirisha na kuzibwa mianya ya juu ya ukuta. Katika nyumba zisizowekewa kitu, asilimia 19 ya watoto walikutwa na upungufu mkubwa wa damu, ambao malaria huuleta. Katika zile zilizowekewa wavu, asilimia 12. Dirisha lina kazi ya afya hapa kwetu. Andika kwenye ukurasa wako kwamba kila dirisha liwe na wavu wenye matundu ya milimita 1.2 hadi 1.5, kwenye fremu yake yenyewe inayoweza kutolewa na kuoshwa, kwa sababu wavu uliojaa vumbi unazuia upepo kama pazia. Kisha angalia pembe. Kwenye slaidi nyingi za bei nafuu, bawa likiwa limefunguliwa nusu, kunabaki mwanya kati ya bawa na wavu, na mbu wanapita hapo kana kwamba hakuna kitu. Brashi ya pembeni inaziba mwanya huo. Ni kitu kidogo cha bei ndogo, na mara nyingi hakiwekwi mpaka kiulizwe.

Tuje kwenye kioo na alumini, ambako ndiko fedha nyingi zinakwenda na ndiko mwenye nyumba anaonewa kirahisi, maana kwa macho vyote vinang'aa.

Kioo kina uzito usiodanganya. Mita moja ya mraba ya kioo chenye unene wa milimita moja ina kilo 2 na nusu. Kwa hiyo mita ya mraba ya kioo cha milimita 4 ni kilo 10, ya milimita 5 ni kilo 12 na nusu, ya milimita 6 ni kilo 15. Kwa madirisha yetu sita, kila milimita inayopunguzwa ni zaidi ya kilo 20 za kioo ambazo hukupewa. Kioo kikiwa bado hakijaingia kwenye fremu, rula ya mtoto wa shule inatosha kutofautisha milimita 4 na 6. Kikishaingia, ukingo umefichwa na mpira, na hapo unabaki na maneno ya fundi. Basi ukague kabla. Kwa bawa la futi 2 na nusu kwa 4, mimi ningetaka milimita 5, na 6 kwa upande unaotazama bahari. Karibu na sakafu, bafuni na mahali watoto wanapochezea, omba kioo cha usalama. Kuna kile kilichopikwa, ambacho kikivunjika kinakuwa chembe ndogo zisizo na makali marefu. Hicho hakikatwi tena baada ya kupikwa, kwa hiyo vipimo lazima viwe sahihi tangu mwanzo. Na kuna kile cha tabaka mbili zenye plastiki katikati, ambacho kikivunjika vipande vinabaki vimeshikamana. Hiki kinamchelewesha na mwizi.

Alumini nayo huja kwa mipau mirefu, ya mita 6 hivi, na ndani ni tupu. Unene wa ukuta wake ndio unaotofautisha bei. Mpau wenye ukuta wa milimita 1.4 una alumini karibu asilimia 40 zaidi ya ule wa milimita 1.0 wenye umbo lilelile, rangi ileile na ung'avu uleule. Ule mwembamba utapinda kidogo kidogo kwenye dirisha pana, skurubu zitalegea, na baada ya mwaka bawa litakuwa linakwaruza reli. Mwambie fundi akuletee kipande kilichokatwa cha mpau atakaoutumia, kisha kiandikwe kwenye mkataba na wewe ubaki nacho. Siku ya kufunga, linganisha. Rangi unaweza kuchagua upendavyo. Jambo la maana ni kwamba iwe imepakwa kiwandani kwa unga na kuchomwa, au alumini iwe imetiwa ngozi ya kuzuia kutu kiwandani, maana rangi ya kupuliza gereji haistahimili chumvi.

Halafu skurubu. Watu wanacheka nikisema hivi, lakini madirisha mengi ya pwani hayafi kwa sababu ya alumini wala kioo. Yanakufa kwa skurubu. Skurubu ya chuma cha kawaida ikikaa ndani ya alumini, kukawa na unyevu wa chumvi, metali hizo mbili zinaanza kulana. Utaona machozi ya kahawia yakishuka chini ya kila kichwa cha skurubu. Dai skurubu za chuma kisichoshika kutu, na magurudumu ya bawa yawe hivyo pia. Kwa madirisha sita nyongeza yake ni ndogo ukilinganisha na jumla, lakini isipoandikwa haiwekwi, kwa kuwa fundi anashindana na mwingine kwa tofauti ya elfu hamsini.

Ukishajua vitu, angalia mikono. Fundi anayekupa bei kwa simu bila kuja kupima amebahatisha, na kubahatisha kwake kutalipwa na mtu. Anayekuja, mtazame anavyopima. Kuta za nyumba za zamani hazijanyooka. Apime upana mara tatu, juu, katikati na chini. Apime kimo mara tatu. Kisha apitishe futi kamba kutoka pembe hadi pembe, mara mbili, kuona kama nafasi ni ya mraba kweli. Achukue kipimo kidogo kuliko vyote na kuacha nafasi ya milimita 5 hivi kila upande kwa ajili ya kuziba. Akipima mara moja na kuandika mkononi kwa kalamu, huyo atakuletea dirisha litakalolazimishwa kuingia kwa nyundo, au mwanya wa vidole viwili utakaojazwa saruji na karatasi. Na iandikwe kwamba aliyepima ndiye anayebeba hasara ya kipimo kibaya.

Wakati wa kufunga kuna mambo mawili ya kusimamia kwa macho yako. La kwanza ni saruji mbichi. Lipu mbichi ikigusa alumini inaichoma na kuacha madoa yasiyotoka, kwa hiyo fremu ifunikwe kwa utepe mpaka kazi ya lipu iishe. La pili ni silikoni. Ile inayonuka siki ni rahisi zaidi dukani, lakini haishiki vizuri kwenye saruji, na asidi yake si rafiki wa metali. Kwa ukingo wa nje unaokutana na ukuta, dai isiyo ya asidi. Pua yako inatosha kukuambia ipi imeletwa.

Kazi ikiisha, usimlipe kwa kutazama. Mimina ndoo ya maji taratibu kwenye reli ya chini. Reli inapaswa kuwa na matundu madogo ya kutolea maji upande wa nje. Maji yatoke huko yote. Yakifurika ndani, masika yatafanya hivyohivyo sebuleni kwako. Sukuma bawa kwa kidole kimoja, litembee. Funga karatasi kati ya bawa na fremu kisha uivute. Ikitoka bila kushikwa, mpira haubani. Mwisho nenda nje, dirisha likiwa limefungwa kwa komeo, ushike bawa kwa mikono miwili ulinyanyue juu. Likitoka kwenye reli, mwizi naye ataweza. Kuna vipande vya kuzuia bawa lisinyanyuke. Viwekwe mbele yako.

Ni vizuri pia ukatazame kazi ya zamani ya fundi huyo kabla ya kumpa yako. Usitazame ya mwezi uliopita, kwa maana kila dirisha la mwezi uliopita ni zuri. Omba kuona ya miaka miwili au mitatu, na kama unaishi karibu na bahari iwe ya karibu na bahari. Angalia vichwa vya skurubu, angalia silikoni kama imebanduka ukutani, sukuma bawa. Kisha muulize mwenye nyumba ile swali moja: ulipompigia simu baada ya kumaliza kumlipa, alikuja?

Lakini msikilizaji, kabla ya haya yote kuna swali ambalo hakuna muuzaji wa madirisha atakayekuuliza: je, ya zamani yamekufa kweli? Fremu nyingi za nyumba zetu za zamani ni za mninga, mvule au mkongo, mbao ambazo leo ukizitaka utazilipia kwa uchungu. Chukua bisibisi, ichome kwenye pembe za chini za fremu, mahali maji yanapokaa. Ikizama kirahisi, pembe hiyo imeoza. Ikigonga na kurudi, mbao ni nzima, na kinachohitajika ni seremala wa kukata sehemu iliyooza na kuunga kipande kipya, klipu mpya za luva, wavu mpya na rangi. Nimeona nyumba ambazo fremu zilizong'olewa zilikuwa imara kuliko zilizowekwa. Mkikwangua rangi ya zamani, ilowesheni kwa maji kwanza na watoto wakae mbali, kwani rangi za zamani nyingi zina risasi, na vumbi lake ni sumu kwa mtoto. Madirisha ya chuma ni habari nyingine: kutu inapovimba ndani ya fremu inasukuma kioo mpaka kinapasuka chenyewe, na ikifikia hapo ukarabati mara nyingi ni kupoteza fedha.

Na kwa wasikilizaji wa Mji Mkongwe, Unguja, hamna uhuru huu wote, na naona ni sawa. Mji ule uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na kubadili madirisha kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe. Pale dirisha la mbao lenye shata hubadilishwa kwa dirisha jingine la mbao lenye shata. Profoma ya alumini isifike hata mezani.

Turudi kwa mama yetu, suala la malipo. Fundi wa kawaida hana mtaji. Bila kishika uchumba hawezi kununua mipau. Hilo lieleweke, si ujanja wake. Njia inayolinda pande zote mbili ni kwenda naye dukani, kulipia vifaa kwa jina lako, kuchukua risiti, na vifaa vikashuka kwako. Ufundi ulipwe kwa awamu: sehemu fremu zikishaingia, sehemu vioo na wavu vikikamilika, na kama asilimia 10 ibaki mpaka mvua kubwa ya kwanza ipite. Hii ya mwisho iandikwe tangu mwanzo na kusainiwa, maana ukiitaja siku ya kumaliza, unamdhulumu. Kwa yule wa tatu aliyejumlisha kodi, risiti ya EFD ni haki yako. Akikuambia atakupunguzia asilimia 18 usipodai risiti, ujue umebaki bila ushahidi wowote wa kazi aliyokufanyia, na dhamana yoyote aliyokuandikia haina pa kushikiwa.

Andika pia madirisha ya zamani yatakuwa ya nani. Mafundi wengi huyabeba kama takataka za kusafisha eneo, lakini fremu za mninga, vioo vya luva vilivyo vizima na chuma chakavu vina wanunuzi. Ama yabaki kwako, ama thamani yake ipunguzwe kwenye bei.

Nimeliweka mwisho suala la grili ili nilipe nafasi yake. Nyumba zetu karibu zote zina grili kila dirisha, na tunajua kwa nini. Lakini moto ukiwaka usiku upande wa mlango, chumba cha kulala chenye grili iliyojengewa ukutani hakina njia ya kutoka. Siku za kubadili madirisha ndizo siku ambazo grili zinatolewa na fundi wa kuchomelea yupo na mashine yake. Hakuna wakati mwingine ambao kazi hii ni nafuu zaidi. Kwa hiyo ongeza mstari kwenye ukurasa wako, na kila fundi autie bei yake: katika kila chumba cha kulala, grili moja iwe na sehemu ya kufunguka yenye bawaba, kubwa kiasi cha mtu mzima kupita, ikifungwa kwa kufuli upande wa ndani. Dirisha la nyuma yake liwe la kufunguka lote, wala lisiwe slaidi inayoacha nusu. Ufunguo utundikwe ukutani mahali ambapo mkono wa mwizi kutoka nje haufiki na mkono wa mtoto wa miaka kumi unafika, na kila anayelala chumba hicho aoneshwe ulipo, kisha aujaribu gizani.